Motere Isiyoruhusiwa Kunyamaza

Mpaka leo nikisikia motere inanguruma bila nafaka mashineni, damu inanichemka. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga unga hapa Butembo, na aliiwasha asubuhi akaizima jioni. Mteja awepo asiwepo, mkanda ulizunguka na mazutu, dizeli ya motere, yakaenda na moshi, huku nyumbani tukila sombe, majani ya muhogo, bila mawese.

Mtaani kwetu mwenye mashine akifa, motere huzimwa mpaka azikwe. Ni heshima, sina ubishi nayo. Lakini baba aliamini kwamba kuizima mchana ni kujitangazia kifo mwenyewe.

Mama alipofariki nilirudi kumsaidia baba. Nilikuwa nimeolewa Beni, na kule, mtaa wa Beu, nilimjua mama mmoja wa Kiislamu anayesaga muhogo. Yeye anapokea mifuko, anairundika, na rundo likitosha anawasha, anasaga yote mfululizo, kisha anazima. Nilimweleza baba hayo. Nikamwambia wazi kwamba tukiendelea kuchoma mazutu bure, mashine itauzwa. Alinijibu kwamba Beni ni Beni.

Siku aliyokwenda Kipese kumwona dada yake, nilisaga mifuko iliyokuwepo, nikazima. Lo, ule utulivu! Nikasikia hata kuku wa jirani. Mchana wanawake wakaanza kuingia uani na kuni mgongoni, kuni za matanga, wengine tayari wanalia. Mmoja alinishika mikono.

“Pole, mama. Tumesikia motere imenyamaza. Muzee ametuacha?”

Kabla sijamaliza kuwaeleza, baba akashuka kwenye pikipiki na kukuta anaombolezwa. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka.

“Washa,” akaniambia.

“Papa, hata mufuko moja hakuna. Tunasaga nini?”

“Washa. Batu basikie niko muzima.”

Niliwasha. Nililia kwa hasira huku nawasha, na sioni haya kusema. Mtu mzima, mwenye akili zake, anachoma chakula cha nyumba yake ili majirani wasikie kwamba anapumua! Motere ilisaga upepo mpaka jua likazama, na kuni za matanga zikabaki uani, tukazipikia.

Kuanzia siku hiyo hakuniruhusu tena kuigusa. Haikuchukua muda, mazutu yakatushinda kununua. Wateja walikuta mlango umefungwa, wakazoea kusaga kwa jirani mwenye mashine yake. Mnunuzi akaja kutoka Kamango, akaing’oa mashine pamoja na motere, akapakia kwenye lori.

Baba alikaa siku nzima juu ya sementi ilipokuwa imefungwa motere, akitazama barabara. Wanawake walipita na mifuko ya muhogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakielekea kwa jirani. Walimsalimu vizuri. Hakuna aliyeleta kuni.