Mdogo Wangu Alipotaka Kuiona Nchi

Mdogo wangu alirudi Goma akiwa na ramani. Aliitoa kwenye begi kabla hata hajamaliza chai, akasukuma pembeni sahani ya maandazi na kikombe cha mama, akaitandaza mezani. Ilikuwa ramani nzuri, ya karatasi ngumu isiyopasuka, milima imepakwa kijani na ziwa buluu. Huko alikokulia wanauza ramani za nchi yetu madukani. Sisi tuliobaki humu hatukuwahi kuwa nayo hata moja.

"Yaya," aliniambia mimi dada yake, "niko na majuma matatu tu. Munisaidie kuchagua. Ningependa kuona fasi zote, kila pahali, lakini najua haitawezekana."

Alikuwa ameondoka akiwa mtoto wa darasa la pili. Vita vilipotufikia tulivuka mpaka kwa miguu pamoja na umati, na katika msongamano ule aliyekuwa amemshika mkono ni shangazi yetu, dada ya baba. Tulipotezana. Mambo yalipotulia sisi tulirudi Goma, mtaa wa Mapendo, tukaijenga upya nyumba yetu ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Shangazi yeye aliendelea hadi kambi moja huko Uganda, na kutoka kambini wakapelekwa ng'ambo, yeye na mdogo wangu. Miaka ikapita. Sauti yake tulikuwa tukiisikia kwenye simu, ikikua, ikibadilika, lakini Kiswahili chake kilibaki kilekile cha mtoto aliyeondoka. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mrefu kuliko mimi, akizungumza kama mtoto wa jirani anayeomba maji.

Aliweka kidole juu ya ramani. Alitaka kuona mbuga ya masokwe. Alitaka kupanda volkano na kuchungulia moto wake. Alitaka kufika Beni, kwa sababu alisoma kwamba asubuhi mawingu yakitoka mtu anaiona theluji juu ya milima. Alitaka vilima vya Masisi, akatuonyesha picha kwenye simu yake: ng'ombe wanakula majani, uzio wa miti, ukungu. Kila alipoweka kidole, mimi nilikuwa na neno. Huku hakupitiki. Kule walinzi wameuawa. Hapo watu hawalali majumbani mwao, wanalala porini. Baada ya muda nikajisikia kama askari wa kizuizini, kazi yangu ni kuwarudisha watu walikotoka.

"Sasa munaenda wapi nyinyi?" aliuliza.

"Sokoni," nilijibu. "Kanisani. Kazini."

Alicheka, akidhani ni mzaha.

Halafu kidole chake kikapanda juu, kikafuata mstari mwekundu kupitia Rutshuru na Kanyabayonga hadi Butembo. Butembo ndiko kwa baba. Baba alikuwa mfanyabiashara. Alipeleka sabuni na mafuta, akarudi na maharagwe, na katika njia hiyo ndipo alipokufa. Watu wenye bunduki walilisimamisha lori. Lori lilirudi Goma na matundu kwenye kioo, yeye hakurudi. Walimzika watu tusiowajua, na sisi tulielezwa mahali kwa maneno tu: karibu na daraja, upande wa mashamba ya mahindi. Mdogo wangu alipata habari hiyo kwa simu, akiwa uwanjani shuleni kwake.

"Huku," alisema. "Hii ndiyo nachagua."

Nilimpigia baba mdogo kule Butembo, nikaweka simu katikati ya meza ili wote tusikie. Alifurahi kusikia sauti ya mtoto wa kaka yake hata akacheka kwa sauti. Kisha akamkaribisha, "Kuya, mutoto yangu, kuya. Lakini kuya na ndege. Njia ya chini usiiguse."

"Papa mudogo, nataka kupita njia ya papa. Nataka kuona pale."

Tulimsikia baba mdogo akifunga mlango upande wake.

"Ni nani atakuonyesha pale?" baba mdogo aliuliza hatimaye. "Mimi mwenyewe sijapaona."

Walibishana. Mdogo wangu alisema wengine wanapita kila siku, amewaona kwenye simu, mabasi yanaondoka. Baba mdogo alisema ndiyo, yanaondoka. Kama yanafika yote, hakusema. Mama, aliyekuwa ameketi nasi mezani, aliinuka akaenda kuangalia maharagwe jikoni.

Nilimfuata. Jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, akikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Ungechagua wewe, ungeenda wapi?"

Alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu baba afe, mama alikuwa ni wa kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, na mambo hayo hayana kuchagua.

"Kwetu," alisema. "Masisi. Mama yangu yuko kule juu peke yake, sijui kama kaburi lake lingali linaonekana. Majani ya kule yanamea upesi sana."

Nilirudi ndani nikamweleza mdogo wangu. Aliikunja ramani polepole, akairudisha kwenye begi.

Ili tumpeleke mama Masisi tulimtafuta dereva mmoja wa parokia yetu, mtu wa makamo aliyezoea kushusha viazi kutoka vilimani na aliyejua kila shimo la barabara ile. Alisema wiki hiyo watu walikuwa wanapita. Tungeondoka asubuhi, tungerudi alasiri. "Lakini musikilize," alisema. "Nikisema turudi, tunarudi. Sitaki maneno." Tulikubali, hata mama.

Asubuhi mama alitoka amevaa kitenge chake cha Pasaka, na mkononi ana jembe dogo la kupalilia. Aliliweka miguuni mwake ndani ya gari, akakataa liwekwe nyuma. Sijawahi kumwona akisema kama siku ile. Tulipopita kambi za wakimbizi za Mugunga, maturubai meupe yamebanana hadi ukingoni mwa barabara, alilishika jembe kwa mikono miwili. Lakini vilima vilipoanza kuonekana mdomo ukamfunguka. Alimwonyesha mdogo wangu walipokuwa wakichunga, na mahali ambapo babake alimchapa kwa kuacha ndama aingie kwenye maharagwe ya watu, na kijia ambacho wasichana walipitia kwenda kucheza siku za harusi. Vitu vingine sikuvijua hata mimi. Mdogo wangu alikuwa akimrekodi kwa simu, akicheka.

Tulivuka Sake, tukaanza kupanda. Hapo tukawakuta watu wanateremka. Wa kwanza walikuwa wachache, wanawake wamebeba mafurushi, na mimi nikasema labda ni siku ya soko. Dereva alipunguza mwendo. Baadaye wakaja wenye magodoro. Mwanamume mmoja alikuwa anavuta ng'ombe na ndama wake, na nyuma yake mwingine amebeba mlango kichwani. Mlango mzima, na kitasa chake. Nikajua si soko.

Dereva aliegesha kando na kuzima gari. Kulipokuwa kimya tukasikia mngurumo, mbali, nyuma ya kilima.

"Ni mvua?" mdogo wangu aliuliza.

Anga ilikuwa nyeupe. Ilikuwa mizinga.

Mama alifungua mlango akashuka, jembe mkononi. Alisimama ukingoni mwa barabara na kuwauliza wapitao, mmoja mmoja: "Munatoka wapi?" Wengine walitaja kilima bila kupunguza mwendo. Wengine walimpita tu. Kisha mwanamke mmoja wa umri wake, mwembamba, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu, akasimama. Alimtazama mama usoni, akamwita kwa jina ambalo mimi sijawahi kulisikia, jina la utotoni. Mama akaliachia jembe. Walishikana pale barabarani wakisema Kihunde, lugha ya kwao, wote wawili kwa pamoja, na watu wakawa wanawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Alikuwa jirani yao. Mashamba yao yalipakana. Nyuma yake alisimama mke wa mwanawe, msichana tu, amembeba mgongoni mtoto mchanga ambaye kichwa chake kilikuwa bado laini na chenye mikunjo.

Mama alimuuliza kuhusu kaburi. Mwanamke yule alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akajibu kwa Kiswahili ili nasi tusikie.

"Basoda, bale ba bunduki, bamechimba mashimo yao pale juu. Pale pale penye makaburi, kwa sababu kutoka pale wanaona njia yote. Mutu hawezi kupanda."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya nyuma."

Mama aliinama akaliokota jembe. "Twende," alimwambia dereva. "Tufike chini ya kilima tu. Nitaangalia kutoka chini."

"Mama, tulisikilizana," dereva alijibu.

"Chini tu, papa. Sitashuka kwenye gari."

Ngurumo ikasikika tena, safari hii mara mbili kwa kufuatana, na watu barabarani wakaanza kukimbia, si sana, mwendo wa mtu anayewahi mvua. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono wa blauzi. Yeye aliyetaka kupita Kanyabayonga sasa alikuwa ananivuta kuelekea garini.

"Mama, turudi," alisema. "Tafazali, mama. Turudi."

Mama aligeuka. "Si ulitaka kuona inchi?" alisema. "Angalia sasa. Ndiyo hii. Fungua macho, uangalie."

Hakuwa amewahi kumwambia neno kali, hata kwenye simu. Mtoto uliyempoteza humkaripii. Mdogo wangu aliachia mkono wangu, akafunika uso. Mtoto mchanga akalia, kilio chembamba cha njaa, na mama akamsogelea, akainua kanga kidogo na kumtazama.

"Amezaliwa lini huyu?"

"Juzi," alisema msichana.

Mama akalitia jembe garini. "Hawa wanaingia," alimwambia dereva, na kwa sauti yake hapakuwa na la kujadili. Dereva aligeuza gari. Mdogo wangu aliwapisha viti, akapanda nyuma na mafurushi, pamoja na mbuzi wa mtu aliyetuomba msaada na mwenye mbuzi mwenyewe. Kila nilipogeuka nilimwona amejishikilia kwenye chuma, uso umejaa vumbi.

Jirani wa mama aliomba tumshushe Munigi, ana ndugu kambini huko. Mama alikataa. Aliwapa chumba tulichokuwa tumemwandalia mdogo wangu, chenye kitanda kipya na chandarua, na mdogo wangu akalala na mimi kwenye mkeka. Asubuhi nilimkuta mama anamsuka mdogo wangu nywele, taratibu, kichwa chake kikiwa kati ya magoti ya mama kama alivyokuwa akifanya zamani. Nikarudi ndani.

Siku zilizobaki mdogo wangu hakwenda popote. Yaani alikwenda Kituku, soko la ufukoni mwa ziwa, asubuhi kununua sambaza, samaki wadogo, na akajifunza kuchagua wale waliotoka ziwani punde. Alibeba maji, akamwaga nusu njiani, wanawake wa mtaa wakamcheka. Alijifunza kumwogesha mtoto. Siku moja alimpigia baba mdogo mwenyewe, bila mimi, akamwambia hataweza kuja safari hii. Baba mdogo alimwambia afadhali. Kisha alimsimulia habari za baba alipokuwa kijana, jinsi alivyoogopa kuku, na mdogo wangu akaja mbio jikoni kutuuliza kama ni kweli. Mama akasema ni kweli kabisa.

Aliondoka kupitia Gisenyi kwenda kupanda ndege Kigali. Alisema atarudi mwaka unaofuata, akae zaidi. Haikuwezekana. Vita vilishuka hadi mjini kwetu, mitaa ikajaa maganda ya risasi, uwanja wa ndege ukafungwa, na kwa siku kadhaa hata simu haikulia. Ilipolia tena alikuwa analia yeye, akituuliza mmoja mmoja kama tupo. Tulikuwepo. Mpaka leo hajarudi, na sisi hatumwambii aje.

Msichana na mtoto wake walimfuata mume wake Minova. Jirani wa mama alibaki. Wawili hao wanakaa barazani wakichambua maharagwe na kuhesabu kwa Kihunde watu wa kilimani kwao, nani yuko wapi, nani hajulikani. Na siku hizi mama ana wazo jipya. Amesikia kwamba boti zinaondoka Kituku kwenda Minova, na kwamba kutoka Minova mtu anaweza kupanda Masisi kwa upande wa pili, kwa miguu, akiwa na anayejua vijia. Jirani yake anavijua.

Ananiuliza kila Jumapili baada ya misa tutaondoka lini. Juzi aliniuliza tena, nikiwa nafua. Nilimwambia tungoje mvua ipungue kwanza. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu wiki iliyopita. Mama alinitazama, akatazama milima ya upande wa Masisi, akachukua ndoo na kwenda kuchota maji.