Maili za Binti wa Ogari

Ajenti wa tiketi pale Kisii mjini ana vidole vyembamba, na kabla hajakukabidhi tiketi lazima apitishe kimoja juu ya ule mstari mdogo wa chini ambao hakuna anayeusoma. "Umenunua kwa shirika hili, lakini ndege utakayopanda ni ya lile," atakwambia polepole. "Maili zako zitaingia tu, usiwe na wasiwasi." Kisha hufuta miwani kwa pindo la shati, hata ikiwa safi. Wateja huitikia kwa kichwa tu. Wanachojali ni maili, zile pointi za safari, zijae mpaka siku moja mtoto apate tiketi ya bure ya kurudi nyumbani.

Jana nilimkuta na Mzee Ogari wa Sironga, aliyekuja na nakala ya tiketi kuuliza kama maili za bintiye, aliyeondoka asubuhi, zimeingia. Redio ya duka la jirani ikatangaza ndege iliyopoteza mawasiliano, ikataja na shirika lake. Mzee akashusha pumzi. "Mungu asifiwe, hao si wetu," akasema, akigonga jina la herufi kubwa kwenye tiketi. Kidole cha ajenti kilikuwa kimeshafika kwenye ule mstari mdogo, kikaufunika.

"Sasa niangalilie hizo maili, kijana wangu."

Akafuta miwani, akatazama kompyuta, akafuta tena.

"Bado, mzee," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Huingia ndege ikishatua."