Sumu katika Sombe ya Mama Dorika

Ndugu zangu, wiki hii naenda shuleni kwa njia ya nyuma ili nisipite kwa Mama Dorika. Mimi nikila karanga navimba, na mgahawa wake hapa mtaani Nyakasanza niliupenda kwa sababu sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, aliipika kwa mafuta ya mawese tu. Mwanzoni nilikuwa nauliza kila siku. Baadaye nikajiona mwenyeji, na mwenyeji haulizi.

Vita vikafunga barabara. Mwalimu mzima, nilijua kabisa mawese hayaingii tena mjini, lakini nikaendelea kula.

Jumatatu midomo ikaanza kuwasha. Nikasema moyoni, ni pilipili. Koo lilipobana, nikasimama na kupiga kelele, "Sumu! Wameniwekea sumu!"

Siku hizi watu wanauana kwa ajili ya kabila, na Mama Dorika si wa kabila langu. Wanaume wawili wakamkamata mikono. Akajinasua, akakaa kwenye kiti changu, akala sombe yangu mpaka sahani ikawa nyeupe. Tukamtazama. Hakuanguka.

"Mwalimu, ile ni karanga," akasema. "Mawese ilikosa. Wengine wote waliuliza leo sombe iko na nini. Weye ulisema tu, 'Leta kama kawaida.'"

Muuguzi mmoja aliyekuwa anakula pale akanivuta twende nichomwe sindano. Nilitaka kuomba msamaha, lakini midomo iliyovimba ilitoa "bwu, bwu" tu. Mgahawa mzima ukacheka, isipokuwa Mama Dorika.