Mwanangu Hataki Kunusa Udi Wangu

Mwanangu karudi! Karudi mzima, alhamdulillahi, na kazi kaifanya mpaka wakubwa wake wamempigia simu baba yake kumshukuru. Haya, sasa asalaam alaykum nyote. Admin nifichie jina, maana Muscat hii sie wa Unguja tunajuana.

Mie mama wa miaka hamsini na sita, nakaa Hail. Shule sikufika mbali, lakini nimezaa muuguzi, na si muuguzi wa hivi hivi. Alijitolea mwenyewe kwenda nchi ya watu iliyopigwa na tetemeko, akalala kwenye mahema akihudumia majeruhi. Mwenye mtoto kama huyu anyooshe mkono!

Siku aliyorudi nilimpokea mlangoni na chetezo kinafuka udi. Wasionijua, udi wangu naupika mwenyewe, watu wanatoka Matrah kuufuata. Nikamwambia, "Njoo mama, simama nikufukize, uchovu wa safari ukutoke." Moshi ulipomfika usoni akarudi nyuma, akaziba pua kwa ushungi, akachutama pale pale mlangoni. "Mama, uzime. Nakuomba uzime." Mie nikadhani hasadi za watu hizi. Nikaongeza udi.

Tangu hapo yumo nyumbani kama hayumo. Kitanda kipya nilichomnunulia hakilalii, analala chini kwenye mkeka, AC kaizima na joto hili. Bomba la mvua halifungui, anajimwagia kwa kopo. Hufungua friji akasimama tu mpaka likaanza kulia, kisha akalifunga bila kuchukua kitu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Sitafuti, mama. Naangalia."

Juzi tunachambua mchele ndiyo kanambia. Kule maiti walikuwa wengi, hapakuwa na pa kuwaweka, na hema lake lilikuwa ubavuni mwao. Wenyeji wakichoma udi pale kufunika harufu, ili walio hai waweze kula. "Udi kama wako khasa, mama. Mzuri. Hiyo ndiyo tabu yake."

Na mie nishaalika watu! Mbuzi wapo, mchele ndiyo huo tuliokuwa tunachambua, karamu ya kumshukuru Mungu kwa kurudi kwake. Wifi yangu wa Mawaleh kanipigia: "Wifi, mbuzi hata kwetu yupo, sie tunakuja kufukizwa. Usije ukatubania ukasema udi umekwisha!" Na mnajua kwetu mgeni haondoki hajafukizwa, usipotoa chetezo ni kama umemfukuza. Nimjibu nini wifi mbele za watu, na siri ya mwanangu si yangu kuitoa?

Nimemuuliza mwenyewe. Kasema, "Fukiza tu mama, ni wageni wako. Mie ntavumilia." Neno hilo ndilo linalonichoma. Kwani kule alikuwa anafanya nini, kama si kuvumilia?

Tena nna jambo jengine sijamwambia mtu. Tangu siku ile aliponambia, nikijifunika buibui langu nanusa kitu chini ya udi. Nimelifua, nimelianika juani, bado nakinusa.

Basi wanangu, dada zangu, nambieni: nikitoe chetezo, au nikifiche nionekane bakhili kwenye karamu yangu mwenyewe? Msikawie kunijibu. Wanakuja wote Ijumaa hii, baada ya sala.