Beseni la Kunawia

Wiki iliyopita mwalimu wa chekechea alinipigia simu nikamchukue mwanangu. Alikuwa anatapika na kuharisha, na wenzake kadhaa vilevile. Mlangoni pa darasa nikaiona ile ndoo ya koki iliyowekwa enzi za Korona. Ilikuwa kavu, buibui wamejenga ndani. Nikamkumbuka bibi.

Ndugu yangu, sisi huko Kilolo tulikulia kwenye beseni moja. Kabla ya ugali na njegere lilizunguka: babu ananawa kwanza, kisha wageni, kisha wakubwa, watoto mwisho. Maji yakitufikia yalishakuwa na rangi ya mchuzi, na kulalamika ilikuwa utovu wa adabu.

Kipupwe kimoja kuhara kukaingia. Babu alitapika siku moja akainuka. Mdogo wangu, aliyenawa wa mwisho siku zote, alilala siku tatu, macho yamezama, analia machozi hayatoki. Bibi alimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Mimi nilikaa pembeni nikiangalia kama kifua bado kinapanda. Sijawahi kuogopa vile.

Alipoanza kucheza tena, nesi wa zahanati akamwambia bibi: "Mama, kupona siyo kuisha. Hivi virusi vinaendelea kutoka na choo siku nyingi, vinashika kwenye vikombe, kwenye komeo la mlango. Vinamngoja mwingine."

Bibi akalipeleka beseni kwa kuku. Tangu hapo maji yalimiminwa kwa jagi, pamoja na sabuni, kuanzia kwa mtoto mdogo. Babu alinuna wiki nzima. Miezi ikapita, jirani akaja kula, akasalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama. Ugonjwa si ulishaisha? Mbona bado mnatunawisha hivi?"

"Usione simba kanyeshewa ukadhani ni paka," bibi akamjibu. "Lete mikono."

Kipupwe kilichofuata kuhara kulirudi, hata kwetu. Kulimpata mmoja, kukaishia kwake.

Sasa bibi hayupo, jagi lilitoboka, na nyumba ile wanakaa watu nisiowajua. Ninavikumbuka vyote kwa uchungu. Kuhara tu ndiko hakujaenda popote.

Leo nimemrudisha mwanangu shuleni. Nimeisafisha ile ndoo, nikaijaza, nikaweka mche wa sabuni juu yake. Mwalimu akacheka.

"Mama, si wameshapona wote?"

Nikafungua koki, nikamwambia alete mikono.