Goti Langu Mikononi mwa Mwalimu Shomari

Harufu ya majani makavu yanayoungua polepole bado hunipandisha hasira. Daktari Mei, mama wa Kichina mwenye chumba cha tiba jirani na mafundi samani wa Keko, aliyasokota kama sigara nene, akayawasha, akayasogeza karibu na goti langu mpaka joto likazama ndani.

Nilikuwa darasa la tano, nacheza ngoma kwenye kikundi cha Mwalimu Shomari. Tuliruka kwenye sakafu ya saruji, pekupeku, na mie ndiye niliyeruka juu kuliko wenzangu. Goti likavimba. Mama alikuwa kazini, basi Mwalimu akanipeleka kwa Daktari Mei.

“Damu imesimama hapa,” alisema daktari kwa Kiswahili chake cha kukatakata. “Lazima itembee. Polepole. Pumua chini ya kitovu, nyosha, tembea. Kuruka, hapana! Mishipa kavu, itakatika.” Akanifundisha kusimama nimelegeza magoti, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Tukacheka wote wawili.

Jioni Mwalimu akamwambia mama, “Daktari kasema damu imesimama, mama Zuhura. Acheze tu, itembee.”

Nikacheza. Kwenye harusi moja Tandika nilitua, nikasikia kitu kikiachia ndani ya goti. Mwalimu akaninong’oneza, “Tabasamu, wageni wanakuangalia.” Nikatabasamu, machozi yakinitoka.

Kesho yake mama alinibeba mgongoni hadi kwa Daktari Mei. Alipoligusa tu lile goti, uso ukambadilika. “Nani kasema ruka?”

 Mama akanibeba tena, daktari nyuma yetu na koti lake jeupe, mpaka kwenye mazoezi.

“Shomari, ulisikia nini kwa daktari?”

“Mama Zuhura, karibu kwanza ukae...”

“Sikai! Ulisikia nini?”

Akasema Kiswahili cha Mchina kilimchanganya. Mama akanitoa kikundini palepale.

Goti halikupona sawasawa. Hadi leo ngazi nazishuka upandeupande. Na kwa miaka nilimkasirikia Daktari Mei, maskini, kwa kutojua kwake kusema.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikakumbuka kwamba siku ile ya kwanza, tukiwa mlangoni tunaaga, Mwalimu aligeuka akauliza, “Na harusi ya Jumamosi je, daktari?” Akajibiwa hapana, mara mbili.

Asiyeelewa angeuliza vile? Alielewa vizuri sana. Ila goti halikuwa lake.