Nyamizi Amsimamisha Bujiku

Mke wa Bujiku alifika kwenye kituo cha afya cha Nyasubi, akitafuta mtu wa kumkanda mumewe. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wote wa kulia, na jirani alimwambia yuko dada pale anayewainua watu.

"Mimi si mkandaji," Nyamizi alimweleza. "Mtaalamu wa fiziotherapia ni Boaz. Yeye humpima mgonjwa na kupanga mazoezi. Mimi ni msaidizi wake. Nayafanya na mgonjwa siku hadi siku, nawaonyesha na ndugu zake, na hali ikibadilika namrudia Boaz. Mlete."

Mgonjwa alipoletwa na bajaji, Nyamizi alimtambua kabla hajashushwa. Hakumwamkia. Huyu ndiye aliyetangaza kijijini kwao, upande wa Bugarama, kwamba mama yake Nyamizi, mjane Mageni, amewaroga ng'ombe wake wakafa. Nyumba yao ilichomwa moto. Mageni alikimbia na nguo aliyovaa, na msimu uliofuata Bujiku akapanda mpunga kwenye shamba la mjane huyo.

Sasa shauri la shamba, alilofungua Mageni, lilikuwa mbele ya baraza la kata. Kila lilipoitwa, wanawe Bujiku walisema mzee hajiwezi, na watu wakamwonea huruma. Huruma hiyo ilimchoma Nyamizi kuliko moto wenyewe.

Hakumficha Boaz. "Huyu mtu alitufukuza kwetu."

"Basi nimpe msaidizi mwingine?"

"Niachie mimi. Nataka atembee."

Boaz alimtazama. "Ukimwumiza, nitajua."

"Sitamwumiza."

Alipoanza kumkunja goti, Bujiku aliuliza, "Wewe binti wa nani?"

"Wa Mageni."

"Utaniua," mzee akasema.

"Ningetaka ufe, ningekuacha kitandani. Utasimama. Halafu utaingia barazani kwa miguu yako, uwaambie watu mama yangu alikuroga vipi."

Alimfundisha kukaa bila kuegemea, kisha kuhamishia uzito mguu mbovu, kisha kupiga hatua kati ya vyuma vya kushikilia. Akichoka, alimpumzisha kama Boaz alivyoagiza. Mara nyingine chuki ilimwambia amwachie tu aanguke. Hapo aliukaza zaidi mkanda aliomshikia kiunoni. Mzee akilia, Nyamizi alitazama ukutani mpaka anyamaze. Mke wa Bujiku aliona ni bidii ya kazi, akamletea kuku. Nyamizi alimrudishia kuku wake.

Mvua zilipokatika, Bujiku aliingia barazani kwa mkongojo. Safari hii hapakuwa na mwana wa kumsemea. Mwenyekiti alimwuliza kuhusu ng'ombe. Bujiku aliwatazama watu, akamtazama Mageni.

"Walikufa kwa ugonjwa," akasema. "Bwana mifugo aliniambia. Mimi nilitaka shamba."

Mageni alijifunika uso kwa khanga. Kabla kikao hakijavunjika, ilikubaliwa mbele ya wote kwamba shamba ni lake, na Bujiku atoke.

Nje, Bujiku alimnyooshea Nyamizi mkono. "Binti yangu, nisamehe. Nishike, mguu umechoka."

"Mwite mkeo," Nyamizi akajibu. "Na Jumatatu uje mazoezini. Ngazi bado hujaziweza."

Akabaki pale pale akimtazama anavyotetemeka juu ya mkongojo, watu wakimpita bila salamu, mpaka mkewe alipofika. Nyamizi aliona raha moyoni, wala hakuionea haya.